Jibu Kwa

Newala, saa tatu usiku, ofisi ya ushirika.
Mnada wa tatu umekwisha mchana
na nina barua pepe mia mbili na kumi na tatu za kutuma
kabla bei haijageuka uvumi.

Msimbo wangu ni mfupi, kama salamu ya mtu aliyechelewa basi:
chukua jina, chukua kilo, chukua bei, tuma.
Seva ikatii. Seva haijui aibu.

Asubuhi akapiga Katibu Nang’ondo wa Mkunya.
“We Somoe, barua imekuja haina mwenyewe.
Imeandikwa imetoka kwa Hakuna Mtu.
Huyo Hakuna Mtu ndiye atakayetulipa?”
Na jina lake lilivunjikia njiani,
Nangâ€™ondo,
akataka kujua lile tusi la katikati ni la lugha gani.

Wengine hawakupiga. Barua zao zililala kwenye taka,
kitanda kimoja na wauza bahati nasibu.

Mimi ni mtoto wa ghalani, ilinipasa kujua.
Gunia lisilo na chapa ubavuni halipandi mzani,
hata korosho zake ziwe nyeupe kama meno.
Baba alikuwa na bati lililotobolewa herufi,
brashi, kopo la rangi nyeusi:
jina la chama, daraja, msimu.
Vidole vyake havikutakata mpaka Ramadhani.

Basi nikakaa, nikatoboa bati langu.
Kutoka: ushirika, kwa anwani iliyo ya ushirika kweli.
Mada: bei ya mnada wa tatu, na tarehe.
Aina ya maandishi, ili ng’ ya Nang’ondo ifike nzima.
Kila kimoja na mstari wake, nukta mbili katikati.
Kisha, kabla ya “Habari za leo”,
mstari mmoja mtupu.
Ukiusahau, mashine ya upande wa pili
huidhania salamu kuwa ni anwani.
Ni ile pumzi ya baada ya hodi:
umesimama kizingitini, viatu bado viko miguuni.

Nilikuwa nafunga nilipoona nisichokiandika.
Jibu kwa.
Usipokisema, jibu humrudia aliyetuma,
na aliyetuma, tangu mnada wa kwanza,
ni Hakuna Mtu.

Minada miwili nilikuwa nikisema: wameridhika, mbona kimya.

Nikachimba ndani ya seva,
kwenye kabrasha ambalo mashine hujiwekea mambo yake.
Arobaini na moja.

“Kilo zangu 312, mmeandika 213.”
“Tumepokea, ahsante.”
“Makato haya ya tatu ni ya nini?”
“Ahsante sana, Mungu awabariki, lakini mimi ni mwalimu, sina shamba.”
Na wa Kitangari, Fadhila Mchopa:
“Mliyemwandikia ni mama. Tumemzika Jumatano.
Hela yake ipitie kwa nani?”
Siku tisa baadaye, Fadhila yuleyule, neno moja:
“Mmepata?”

Nje boza la maji lilikuwa linapanda mlima kwa gia ya kwanza,
ndoo zinagongana gizani, watu wanapanga foleni.
Nikaandika Jibu kwa, nukta mbili,
na anwani yangu mwenyewe,
ile ninayoifungua na chai ya asubuhi.
Mhasibu atanuna. Anune.

Arobaini nitazijibu kesho kwa zamu.
Hii moja sikumwachia msimbo.
Nikachapa kwa kidole, herufi kwa herufi:
Kutoka: Somoe Likangaga.
Kwenda: Fadhila Mchopa.
Mada,
nikaandika “Malipo”, nikafuta,
nikaandika jina la mama yake.

Kisha mstari mtupu.
Boza likamaliza maji, likashuka,
na mimi bado nimo kwenye ule mstari,
natafuta neno la kwanza.